Ufunguo wa Ghala

Gobore halitaki haraka. Mwindaji hulisimamisha wima, kitako chini na mdomo juu, akapima baruti kwa kipembe na kuimimina ndani ya mtutu. Hutupia kitambaa kikuukuu au nyuzi za gunia, akashindilia kwa mdeki mpaka mkono usikie ugumu. Ndipo hutia risasi, na asiye na risasi hutia vipande vya chuma au kokoto za mtoni, akashindilia tena. Mwisho huvuta mtambo nyuma na kuvisha fataki. Yote hayo ni kwa mlio mmoja tu. Akikosa shabaha, nyati hamngojei aanze upya.

Lipo gobore la zamani kuliko hilo la fataki. Ni lile la gumegume, linalowashwa kwa cheche za jiwe na ambalo mvua kidogo tu hulinyamazisha. Tarehe 2 Julai 1890 dola 17 zilitia saini mjini Brussels mkataba mrefu wa kukomesha biashara ya watumwa Afrika, na ndani yake zikakubaliana ni bunduki ipi iendelee kuuzwa kwa Mwafrika bila kizuizi kikubwa. Zikachagua hiyo ya gumegume, yenye mtutu usio na michirizi ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki za kisasa na risasi zake zilipigwa marufuku kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, yaani karibu Afrika yote iliyo katikati ya Sahara na mto Limpopo.

Sheria zetu za silaha zina mzizi wao hapo, na tangu mwanzo sheria hizo zimekuwa zikiutazama zaidi mkono unaoshika bunduki kuliko mlango wa ghala ilikotoka. Kosa hilo limetugharimu damu nyingi, ndiyo maana nimeona historia yake isimuliwe kwa utaratibu.

Miaka miwili kabla ya mkataba huo, bandari ya Unguja ilikuwa imefurika bunduki. Balozi wa Uingereza, Euan-Smith, aliandikia wakubwa zake mwaka 1888 kwamba kila mwaka silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa kupitia Zanzibar. Mtu anaweza kuuliza zilitoka wapi zote hizo. Zilitoka katika maghala ya majeshi ya Ulaya. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi hayo yaliacha bunduki za kujazia mdomoni na kushika za kujazia nyuma. Muongo mmoja baadaye yakataka zenye kubeba risasi nyingi kwa mara moja, na Wafaransa walipotoa bunduki yao ya Lebel mwaka 1886, inayotumia baruti isiyo na moshi, kila dola ilikimbilia kubadilisha tena. Kila badiliko liliacha shehena ya bunduki nzima, zilizotiwa mafuta vizuri, ambazo hakuna askari wa Ulaya aliyezitaka. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya chuma chakavu. Mafundi wa Liège, hukohuko Ubelgiji, nao walikuwa na kazi kubwa ya kutengeneza bunduki za bei rahisi kwa soko la Afrika.

Kutoka Unguja zilivuka hadi Bagamoyo, Pangani na Kilwa, kisha zikapanda bara mabegani mwa wapagazi. Huko zilinunua pembe na watu. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa wapiganaji wake, rugaruga, waliobeba magobore, akaweza kuwafungia Waarabu wa Tabora njia ya misafara. Hamed bin Muhammed, ambaye wengi tunamjua kama Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na msomaji wa kitabu hicho ataona mara kwa mara jinsi hesabu ya bunduki inavyoamua nani atoe hongo ya njia na nani apokee.

Kwa hiyo waliokutana Brussels hawakusema uongo waliposema kwamba bunduki ndiyo nguzo ya biashara ya watumwa. Palipo na bunduki mia, kijiji chenye mikuki hakikuwa na usiku wa amani. Lakini jambo jingine nalo lilikuwa likiwasukuma. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim upande wa Pangani na Bwana Heri upande wa Saadani, waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Desemba mwaka huohuo manowari za Ujerumani na Uingereza ziliifunga pwani, watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Nia hizo mbili zilisafiri katika merikebu moja, na zikaingia pamoja katika mkataba wa 1890. Mwafrika alitakiwa alindwe dhidi ya mwuza watumwa, na papo hapo alitakiwa asiweze kumpinga anayekuja kumtawala.

Utaratibu wenyewe ulipangwa kwa akili, na hilo lazima tulikubali. Bunduki yoyote inayoingia nchini ilipaswa kuwekwa katika ghala la serikali au linalosimamiwa na serikali. Haitoki humo bila idhini. Mtu binafsi akiruhusiwa kuichukua, ipigwe alama na iandikwe daftarini, na mwenyewe awe mtu wa kuaminika kwamba hatamwuzia wala kumpa mwingine. Msafiri alihitaji hati ya serikali yake inayosema kuwa silaha ni ya kujilinda tu. Ukiingia leo katika ofisi ya polisi inayotoa vibali vya silaha, Dodoma au Nairobi, utayakuta mambo hayohayo ya ghala, alama, daftari na dhamana ya mwombaji. Kilichofichwa ndani yake ni swali la nani anayeaminika, na kwa miaka 70 jibu lilitolewa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alipewa bunduki ya kisasa kwa barua moja, Mwafrika akaachiwa gobore lake, tena kwa kibali.

Wino wa Brussels haukuwa umekauka vizuri. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, aliyepewa na wenyeji jina la Nyundo, kilikuwa kikitembea kwa mstari mrefu kwenye njia nyembamba. Wahehe wa chifu Mkwawa walikuwa wamelala majanini pembeni. Wengi wao walishika mikuki. Ishara ilipotolewa waliinuka kwa pamoja, na askari wengi hawakupata nafasi ya kufyatua hata mara ya pili. Zelewski aliuawa na mamia ya watu wake, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300, za kisasa, pamoja na risasi. Mkwawa hakupitia forodhani wala kwa mlanguzi. Kile ambacho mkataba ulimkataza kukinunua, serikali ilimletea mlangoni. Vita vyake viliendelea mpaka mwaka 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai.

Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilikuwa kinyume chake, na vinauma zaidi. Watu waliojiandaa mwaka 1905 kule Matumbi, Ungindo na Ungoni walikuwa na mikuki, mishale na magobore machache, na walikwenda kukabili bunduki za mfululizo wakiwa na dawa ya maji. Nimesikia watu wakiwacheka kwa imani hiyo. Mimi siwezi kucheka. Mtu aliyenyimwa silaha kwa sheria ya dunia nzima, akakamuliwa kodi na kutumikishwa katika mashamba ya pamba, alitafuta kitu chochote cha kumpa moyo wa kusimama. Waliokufa, wengi kwa njaa iliyofuata baada ya mazao kuchomwa, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000.

Vita vya 1914 vilionyesha tena silaha hutoka wapi. Vita vilipoanza, askari wengi wa Kijerumani hapa kwetu walikuwa bado wanabeba bunduki ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na moshi mweusi unaomfichua mpigaji. Novemba mwaka huo jeshi la Waingereza lililotumwa kutoka India lilishindwa vibaya Tanga, likarudi melini na kuacha ufukweni mamia ya bunduki mpya na shehena kubwa ya risasi. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawagawia watu wake. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, aliposalimisha silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, zilihesabiwa bunduki 1,071, za Waingereza na Wareno. Alipigana mpaka siku ya mwisho kwa silaha za adui zake.

Waingereza waliporithi Tanganyika walirithi pia wazo la Brussels, na Kenya ikaenda njia hiyohiyo. Mkulima wa Kizungu wa Nyeri aliweka bunduki chumbani kwake kama anavyoweka jembe stoo. Mkikuyu aliyeonekana na risasi moja mfukoni alikuwa na kesi ya kujibu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, kesi hiyo ikawa ya kifo. Kanuni za hali ya hatari ziliruhusu mahakama kumnyonga mtu kwa kupatikana tu na silaha au risasi bila idhini, hata kama hakuna aliyeumia.

Wapiganaji wa Mau Mau msituni walijitengenezea bunduki zao. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji, kifyatulio ni komeo la mlango lililonolewa ncha, na nguvu ya kulisukuma mbele ilitoka kwenye ukanda wa mpira wa tairi la ndani. Bunduki hiyo iliweza kumuua mwenye nayo kwa urahisi kama ilivyomuua adui. Waliitumia kuogofya, na kuipatia bunduki halisi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua ghala, wakawatoa mahabusu na kuondoka na silaha za serikali. Hapo kwa mara nyingine mlango ulikuwa mwepesi kuliko kanuni.

Dedan Kimathi, kiongozi wao, alikamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu, karibu na Nyeri. Alipigwa risasi ya paja. Alikuwa amevaa ngozi ya chui, na kiunoni alikuwa na bastola. Serikali iliyomwita mkuu wa magaidi, iliyomwinda kwa miaka minne na kudondosha mabomu Nyandarua ikimtafuta, ilikuwa na makosa mengi ya kumshtaki. Haikumshtaki kwa mauaji, wala kwa kuongoza vita. Mashtaka yalikuwa ya kumiliki bastola na risasi zake bila idhini halali. Jaji Mkuu O'Connor aliisikiliza kesi hiyo Nyeri akiwa na wazee wa baraza watatu. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa akitoka msituni kwenda kujisalimisha. Hakusadikiwa. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti, na mwili wake haukukabidhiwa kwa familia.

Hebu tukae kidogo na kesi hiyo. Sheria ya silaha hutungwa ili bunduki isiangukie mikono ya mwizi na mlevi. Pale Nyeri ilitumika kwa sababu ilikuwa njia fupi. Haikuhitaji shahidi wa kuuawa kwa mtu wala mjadala wa ardhi ya Wakikuyu ilichukuliwa na nani. Ilitosha kuuliza kama hiki ni chuma kinachofyatuka, na kama kilikuwa kiunoni mwa huyu. Katika miaka hiyo ya hatari watu zaidi ya 1,000 walinyongwa Kenya, na wengi wao hawakutiwa hatiani kwa kuua. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, ilianza kufanya kazi mwaka 1954, katikati ya msiba huo. Imefanyiwa marekebisho mengi, lakini ndiyo sheria inayotumika hadi leo.

Uhuru ulikuja, na maghala yakabadilisha bendera.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya Zanzibar kupata uhuru, watu mia kadhaa waliizunguka kambi ya polisi ya Ziwani. Walikuwa na mapanga, marungu, pinde na vyuma vya kubandulia matairi. Bunduki hazikuwapo. Lakini miongoni mwao walikuwamo waliowahi kuwa polisi, watu wa asili ya bara ambao serikali mpya iliwaachisha kazi, na hao walijua ghala liko upande gani na zamu inabadilishwaje. Mlinzi alizidiwa nguvu, mlango ukavunjwa. Kabla jua halijapanda, wenye mapanga ndio waliokuwa na bunduki, na mji ulikuwa umekwisha kuanguka. Katika Mapinduzi yale kuna mambo mengi ambayo watu wa Unguja na Pemba wanayabeba mpaka leo, na si ya kupitiwa kwa aya moja. Ninachokitaka hapa ni ule mlango wa Ziwani tu.

Siku nane baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Hatua ya kwanza ilikuwa kulishika ghala la silaha na kuwaweka chini ya ulinzi maofisa Waingereza. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada kwa Waingereza walewale waliotoka kuondoka, jambo lililomuumiza, na alfajiri ya tarehe 25 makomando wao waliwanyang'anya waasi silaha. Jeshi lile lilivunjwa, jeshi jipya, JWTZ, likaundwa Septemba mwaka huo, na kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, pale Wahehe walipojichukulia bunduki 300.

Lakini kisa kizito kuliko vyote kilitokea kaskazini. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala na utawala wa Idi Amin wa Uganda ukaanguka, askari wake waliokuwa kambi ya Moroto, Karamoja, walikimbia na kuacha ghala. Wafugaji wa jirani waliingia wakajichotea. Hadi wakati huo wizi wa mifugo kati ya Wakaramoja, Waturkana na Wapokot ulikuwa wa mikuki na bunduki chache za kuundwa kwa mabomba. Vijana walikwenda, wakachukua ng'ombe, pengine mtu mmoja au wawili wakafa, wazee wakakaa kitako kusuluhisha. Baada ya Moroto, kijana wa miaka 16 alikuwa na bunduki ya kivita mkononi, na mzee mwenye fimbo hakuwa tena na la kumwambia. Silaha zilivuka mpaka kama mifugo inavyovuka kutafuta maji. Zilibadilishwa kwa ng'ombe, na bei yake kwa ng'ombe ikawa ndiyo kipimo cha jinsi zilivyojaa.

Serikali ya Uganda ilianza kuwanyang'anya Wakaramoja silaha Desemba 2001. Karibu bunduki 10,000 zilikusanywa, baadhi kwa hiari. Waliozitoa wakajikuta wako wazi mbele ya majirani ambao hawakuzitoa, wakaibiwa ng'ombe, na wengine wakarudi kununua upya. Mtu huyo ukimwita mkaidi unamwonea. Aliitii serikali, akatoa bunduki, na usiku ule serikali haikuwapo zizini kwake.

Majeraha hayo ndiyo yaliyozikutanisha nchi za eneo hili Nairobi. Azimio lilitolewa Machi 2000, na tarehe 21 Aprili 2004 ikatiwa saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Ilianza kutumika Mei 2006, na taasisi ya kuisimamia, RECSA, iko Nairobi. Kwa macho ya aliyeisoma historia yote hii, kilicho kipya ndani yake ni kimoja hasa. Kwa mara ya kwanza eneo hili liliandika kwa mkono wake lenyewe kwamba silaha za serikali nazo zipigwe alama, ziandikwe, zihifadhiwe salama na kutolewa hesabu. Miaka 114 baada ya Brussels, daftari liligeuzwa likamtazama mwenye ghala. Raia naye alikatazwa kabisa kumiliki bunduki za kivita zinazofyatua mfululizo. Tanzania ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Kenya imekuwa ikichoma silaha haramu hadharani, na Novemba 2016 bunduki 5,250 zilirundikwa na kuteketezwa Ngong.

Ghala halihitaji kuvunjwa ili liue. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yaliyohifadhiwa katika kambi ya jeshi Mbagala, jijini Dar es Salaam, yalilipuka, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Makumi ya watu walikufa. Makombora yaliangukia nyumba, watu wakakimbia bila kujua wanakokwenda, watoto wakapotezana na wazazi wao. Mji ulikuwa umekua mpaka ukaifikia senyenge ya kambi. Kanuni za baruti, popote zilipoandikwa kwa makini, hupima kwanza umbali: ghala lenye kiasi fulani likae mita ngapi kutoka nyumba ya kwanza, barabara na shule. Umbali huo haulindwi na kibali peke yake. Unalindwa na mtu anayekataa kugawa kiwanja pale, na anayekagua joto, unyevu na umri wa kilichomo ndani mwaka hata mwaka.

Mashine ya kupigia alama ambayo RECSA imezigawia nchi wanachama si kubwa. Inakaa juu ya meza ya kawaida. Bunduki hubanwa isitikisike, ncha ngumu hushuka na kudona chuma kwa kasi, kitone baada ya kitone, mpaka zionekane herufi za nchi na namba. Askari hupangusa unga wa chuma kwa kidole, anaisoma namba kwa sauti, na karani anaiandika. Kisha inashikwa ya pili. Kazi inachosha, na katika kambi yenye maelfu ya bunduki inachukua siku nyingi. Jioni zote hurudishwa ndani, zikahesabiwa tena mlangoni. Panapofuatwa utaratibu, ghala hilo lina kufuli mbili, na funguo zake hazilali kwa mtu mmoja.